Dokta Assunta Cabiddu na Ndevu za Mtakatifu Barbara

Tarehe thelathini Novemba mwaka huu, Dkt. Assunta Cabiddu, mhifadhi mkuu wa mawe katika Makumbusho ya Mgodi wa Monte Ollastu, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Ignazio Usai, fundi wa mashine ya eksirei, heshima ya kuandika wasifu wake kwenye ratiba hii ambayo wengi wenu mtaiweka chini ya glasi. Nimeombwa niandike kwa furaha, nisizidishe kurasa, na nisitaje makabati. Hayo mawili ya kwanza nitajitahidi.

Dokta Assunta ni mzaliwa wa hapa hapa Villaruja. Alisoma Cagliari, mji mkuu wa kisiwa chetu cha Sardinia, akapata udaktari wa sayansi ya madini, kisha akafanya jambo lililowashangaza hata wazazi wake: alirudi nyumbani. Huo ndio mwaka mgodi ulipofungwa. Watu wenye akili zao walikuwa wanapanda meli kwenda Torino na Ujerumani, naye akashuka kwenye basi na sanduku la vitabu, pamoja na hadubini iliyoviringishwa kwenye blanketi la mama yake. Alipoulizwa amerudi kufanya nini katika mji usio na kazi, alisema kazi ndiyo kwanza imeanza, kwa kuwa sasa hakuna tena mtu wa kuyasaga mawe yote kabla hayajatazamwa. Wakamwonea huruma, wakampa ajira makumbusho.

Kwa wageni wetu kutoka serikali ya mkoa, ambao huenda wanadhani kazi yetu ni kupangusa vumbi, naomba nieleze kidogo. Risasi ya Monte Ollastu, ile metali laini na nzito, ilichimbwa kwenye galena, jiwe la kijivu, zito, lisilo na siri. Lakini maji ya mvua na hewa vikiifikia galena ndani ya mwamba, inaoza polepole kwa maelfu ya miaka, na kutokana na uozo huo yanazaliwa madini mengine ya risasi: meupe, ya manjano, ya kijani, kama ukungu kwenye mkate, ila ukungu huu unang'aa. Mengi yanajulikana na yana majina. Mara moja moja hutokea moja ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona. Ili kuliona inabidi ukae kwenye kiti kigumu miaka mingi, ukichungulia tundu la jiwe kwa hadubini, ukitafuta fuwele ndogo kuliko punje ya ufuta. Malipo ya kazi hii ni maumivu ya shingo.

Na ukishaiona, hapo ndipo taabu inapoanza. Sharti uthibitishe imeumbwa na nini, na kwa mpangilio gani, ugumu wake, uzito wake, na jinsi inavyoupinda mwanga. Halafu unapeleka maelezo kwa tume ya kimataifa, ambayo ni wataalamu wa nchi mbalimbali wasiopendana, nao wanapiga kura. Wakikubali, lile jiwe ulilolichunguza linakuwa jiwe mama. Linahifadhiwa makumbusho daima, ili yeyote mwenye shaka aje alitazame kwa macho yake.

Dokta Assunta amekubaliwa madini mapya manne. Nchi nzima zenye vyuo vikubwa na mashine za bei mbaya hazina manne. Villaruja ilipokea habari za kwanza kwa utulivu mkubwa. Timu yetu ya mpira ilikuwa imeshuka daraja wiki hiyo hiyo, na watu hawawezi kufikiria mambo mawili kwa wakati mmoja.

Utulivu uliisha pale walipojua kwamba mgunduzi haruhusiwi kuyapa madini mapya jina lake mwenyewe, ila anaweza kuyapa la mtu mwingine. Ghafla mji mzima ukawa na adabu. Mwuza nyama alimletea soseji za kukaushwa kila Ijumaa bila kuulizwa. Meya wa wakati huo alimsimamisha barabarani akamweleza kwa kirefu historia ya ukoo wake. Dokta alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia amemwekea moja la rangi ya udongo, ambalo likiguswa na unyevu kidogo tu linasambaratika. Meya hakumsalimia tena mpaka aliposhindwa uchaguzi, na hadi leo Dokta anakana kuhusika.

Majina aliyatoa alivyotaka yeye. La kwanza alilipa jina la mji wetu. La pili lilikwenda kwa mwalimu wake wa Cagliari, aliyekuwa ameshakufa na hivyo hakuweza kumnunulia chochote. La tatu ni priamiti, kwa heshima ya Mzee Priamo Sanna, mchimbaji wa zamani aliyelitoa jiwe hilo ngazi ya tano chini ya ardhi akiwa amelificha kwenye kopo la chakula. Dokta alimkumbusha kwamba huo ulikuwa wizi. Mzee Priamo alijibu kwamba mgodi ulimwibia mapafu, naye alichukua jiwe moja tu, kwa hiyo bado anaudai. La nne ni ollastuiti, jina la mgodi wenyewe. Hilo ni la manjano hafifu kama siagi, na duniani kote lilijulikana kwenye jiwe moja tu, lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Naomba mlikumbuke jiwe hilo.

Katika maisha ya kila siku, Dokta Assunta hakuwa mtu rahisi. Alipiga marufuku chakula ndani ya maabara kwa sababu ya vumbi la risasi, na kwa kuwa sheria aliitunga yeye, alikula mkate wake na jibini nje mlangoni, jua kali au upepo wa kung'oa masikio. Wakuu wetu waliliona hilo kuwa ni kukosa ukarimu. Aliwakemea wazee wa mgodini waliokuwa wakiramba jiwe ili waone rangi yake chini ya vumbi, desturi waliyoirithi kwa baba zao pamoja na maumivu ya tumbo. Mimi mwenyewe alinirudishia kazi yangu mara nyingi mno. Alikuwa akiziweka karatasi zangu mezani bila neno, akinyoosha kidole kwenye kosa, halafu anakwenda kunywa kahawa ili nione haya peke yangu.

Kisha tulibahatika kumpata Mkurugenzi wetu wa sasa, Dkt. Raimondo Atzeni, ambaye yuko nasi leo katika safu ya mbele. Dkt. Atzeni si mtu wa mawe, ni mtu wa utalii, na ana jicho la kupenda vizuri. Siku yake ya kwanza aliyakuta mawe yetu yamelala ndani ya makabati ya chuma tuliyorithi kwenye ofisi za mgodi, ya kijivu, yaliyobonyea, na milango inayolia ukiifungua. Inasemekana hakula chakula cha mchana siku hiyo kwa majonzi. Hakupumzika hadi mkoa ulipotoa fedha, na makumbusho yakapata makabati mapya ya mbao za kastanya, yaliyochongwa na mafundi wa milimani Barbagia, yenye tausi na maua kila mlango.

Hapa ndipo ningetakiwa kunyamaza. Lakini nami nastaafu mwakani, kwa hiyo barua ya onyo waniletee nyumbani.

Dokta Assunta alipinga. Alisema mbao hizo hutoa mvuke wa siki miaka na miaka, na risasi na siki hazikai chumba kimoja. Aliomba chuma na kioo. Akajibiwa, kwa upole wa hali ya juu, kwamba amesoma sana hadi amesahau mila. Nani katika Sardinia angesimama hadharani kulisema vibaya kasha la kastanya? Bibi zetu wote walihifadhi humo mashuka ya harusi na mikate ya sikukuu, na hakuna shuka hata moja lililowahi kulalamika. Hata Mzee Priamo alimwambia, "Binti, kama kasha lilimtosha mama yangu, litalitosha jiwe." Mji mzima ulikuwa upande wa makabati. Padri aliyabariki, na ndani ya kila mlango ikapigiliwa medali ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, medali ambazo Mzee Priamo alizimimina mwenyewe jikoni kwake kwa kuyeyusha mabaki ya risasi ya mgodi. Yale mawe mama manne yakawekwa kabati lililochongwa vizuri kuliko yote, kwa amri ya Mkurugenzi, ili watalii wayaone kwanza.

Miaka michache baadaye, kwenye mawe ya ngazi ya tano, zilitokea sindano nyeupe. Zilikuwa nzuri, jamani, nyembamba kuliko unywele wa mtoto, zimesimama kwa mafungu kama manyoya ya kifaranga. Nilizipitisha kwenye eksirei na sikupata chochote duniani kinachofanana nazo. Hata Dokta alisahau mkate wake siku hiyo. Alianza kazi ya kuzielezea, nami nikaanza kujiona mtu mkubwa.

Habari zilimfikia Mkurugenzi. Ni kweli kanuni zinamkataza mgunduzi kujitaja, lakini hazimkatazi mkurugenzi kumkumbusha mgunduzi jina lake kwenye korido, kwenye simu, na kanisani kwenye ubatizo wa mpwa wake. Dokta, kwa kutaka amani, alisema kazi ikiisha tutaona. Katika masikio ya Dkt. Atzeni, "tutaona" ni cheti. Kabla tume haijapiga kura, gazeti la Cagliari lilishaandika kuhusu "atzeniti, fahari mpya ya Sardinia", mjumbe wa serikali ya mkoa alishaalikwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Barbara, na keki ilishaagizwa, yenye sindano za sukari juu.

Wiki chache kabla ya sikukuu, asubuhi, Dokta alifungua kabati la tatu achukue jiwe moja, akasimama. Aliniita. Ndani ya mlango, pale ilipopigiliwa medali, Mtakatifu Barbara alikuwa ameota ndevu. Ndevu nyeupe, ndefu, zilizoshuka vizuri kutoka kidevuni hadi kwenye mnara mdogo anaochorwa nao daima. Mzee Priamo, aliyekuwa amekuja kupiga soga, alifanya ishara ya msalaba akasema ni muujiza, na kwamba aitwe padri. Dokta akasema padri asubiri, iletwe kwanza sindano ya kukwangulia.

Alikwangua ndevu kidogo, nikazipima. Zilikuwa ni zile zile, hata tofauti ya kusingizia haikuwapo. Dokta alimgeukia Mzee Priamo akamwuliza medali hii aliimimina wapi.

"Jikoni kwangu. Kwenye sufuria ya marehemu mke wangu. Unanishuku nini?"

"Sikushuku. Nataka kujua kama iliwahi kukaa ngazi ya tano."

"Itakaaje ngazi ya tano? Ngazi ya tano ina maji, na mimi nina magoti."

Kwa hiyo ndevu zilizaliwa kabatini. Hata hivyo Dokta hakutaka kumtegemea mtakatifu peke yake. Alichukua chupa mbili zenye vifuniko, akaweka kipande cha risasi safi na pamba yenye maji katika kila moja, na katika moja akaongeza maranda ya kastanya aliyoyakwangua chini ya mguu wa kabati. Kabla ya sikukuu, risasi iliyokaa na maranda ilikuwa imeanza kuota ndevu. Ile nyingine ilibaki na uso mkavu kama karani wa mkoa.

Maana zake zilikuwa mbili. Kwanza, atzeniti haikuwa madini hata kidogo, maana kilichozalishwa na vitendo vya binadamu hakihesabiwi kuwa ni madini, hata kikipendeza namna gani. Hiyo ilikuwa aibu tu, na aibu haijamuua mtu. Ya pili ndiyo mbaya. Ndevu hazioti kutokana na hewa. Zilikuwa zinakula risasi iliyomo ndani ya mawe, na yale mawe mama manne, ushahidi wa kazi yote ya maisha yake, yalikuwa yamelala ndani ya kabati lile zuri kuliko yote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa na tausi mlangoni.

Dokta alikwenda ofisini kwa Mkurugenzi, nami nikamfuata kwa kuwa ndimi niliyebeba chupa. Alieleza yote kwa utaratibu. Funguo za kabati lile zilikuwa mezani pale, kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amezichukua ili mawe yasiguswe kabla ya wageni.

"Dokta, sindano hizi zimetoka kwenye mawe yetu zenyewe, hakuna mtu aliyezigusa," alisema Dkt. Atzeni. "Kama hiyo si kazi ya asili, ni ya nani?"

"Asili haina bawaba, Mkurugenzi."

"Basi tusubiri sherehe ipite. Mjumbe aje, ale keki, aondoke. Baada ya hapo utatoa mawe yako taratibu. Nani atajua?"

"Tume inajua. Nimewaandikia asubuhi hii kuondoa maombi."

Mkurugenzi alipanga kalamu zake. Kisha akamwuliza kama anaelewa kwamba anamwaibisha mbele ya mkoa mzima.

"Naelewa, na ninasikitika," alisema Dokta. "Lakini ollastuiti ipo moja tu duniani, na iko ndani ya siki. Nipe funguo."

Hakupewa. Aliambiwa kwamba suala la funguo lingepelekwa kwenye kamati. Dokta alishukuru, akafunga mlango polepole, akashuka kwa fundi wa umeme kuazima bisibisi. Milango ya kabati lile ilikuwa na bawaba sita. Alizifungua zote mwenyewe, akaiegemeza milango ukutani bila kumkwaruza tausi hata mmoja, akaanza kutoa mawe na kuyalaza kwenye trei za chuma. Barua ya onyo kwa kosa la kuharibu urithi wa kitamaduni bado imo kwenye jalada lake. Ni ndefu na ina mihuri miwili.

Mawe mama matatu yalipona, yenye makovu. Jiwe la ollastuiti lilikuwa na shimo lililojaa unga mweupe.

Dokta alilichunguza chini ya hadubini mpaka saa ya chakula, tundu kwa tundu, akitafuta japo punje moja ya manjano. Hakuipata. Alitoka nje akakaa mahali pake mlangoni, mkate mkononi haujaumwa, akalia. Sikuwa nimemwona akilia hata kwenye mazishi ya mama yake. Sijui kusema jambo hili kwa lugha ya furaha, kamati inisamehe. Nilikasirika siku ile na bado nina hasira.

Sikukuu ilifanyika kama ilivyopangwa. Maneno juu ya keki yalibadilishwa yakawa "Karibuni", na sindano za sukari zilikuwa tamu sana. Mwaka uliofuata makabati yetu yalipata tuzo ya mkoa ya kazi bora za mikono, na nakubali kwamba ni makabati mazuri. Sasa hivi yanahifadhi mabango ya watalii, na mabango yana afya njema. Mawe yalirudishwa kwenye vile vyuma vinavyolia. Kuhusu atzeniti, gazeti halikuandika tena.

Kilichobaki kilikuwa deni la Dokta peke yake. Madini yasiyo na jiwe mama ni kama mtu anayesimuliwa tu na hakuna aliyemwona. Msomi mmoja wa kaskazini aliandika makala akiuliza, kwa heshima zote, kama ollastuiti iliwahi kuwapo kweli, au nayo ilikuwa mambo ya kabati. Akapendekeza ifutwe. Dokta alikuwa na karatasi tu, na wenzetu wa fani hii hawaamini karatasi mpaka waone jiwe. Tume ikasema itasubiri miaka kadhaa, na kama halitapatikana jiwe lingine, jina litaondolewa.

Ngazi ya tano, lilikotoka jiwe lile, imejaa maji tangu pampu zizimwe. Yalibaki malundo ya vifusi nje ya mgodi, vilima vitatu vya takataka ambavyo mgodi uliona havina thamani ya kusagwa. Basi kila Jumapili baada ya misa, Dokta Assunta, mimi, na Mzee Priamo na fimbo yake tulikwenda kupasua mawe kwa nyundo, tukitafuta ufuta wa manjano ndani ya mlima. Watu waliokuwa wanapita kwenda baharini walitupungia mikono. Mzee Priamo alikuwa anauliza kila mara, "Dokta, mimi nililipwa kuyatoa. Wewe unalipwa na nani kuyatafuta?" Naye alikuwa anamwambia apasue, maneno aweke akiba. Miaka ikaenda. Msomi wa kaskazini akaandika makala ya pili.

Mwaka huu, msimu wa kuchipua, kwenye lundo la tatu, Mzee Priamo alilipasua jiwe akalitupa kwa dharau, nami nikaliokota. Ndani ya tundu lake niliona fuwele za kijani, ndogo kabisa, ambazo sikuzitambua. Nilizitia mfukoni bila kusema. Nilizipima kwenye eksirei Dokta akiwa nje anakula, na mistari niliyoipata haikulingana na madini yoyote yanayojulikana. Ikanijia akilini mara moja. Mimi ndiye mgunduzi, kwa hiyo mimi ndiye mtoa jina. Ingekuwa kabiduiti. Angestaafu akiwa na jina lake kwenye jiwe, jambo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kujifanyia, na tungelitangaza leo, katika ratiba hii, kwenye nafasi hii mnayoisoma. Mzee Priamo nilimwambia, na akatunza siri, jambo linalothibitisha kwamba miujiza ipo.

Lakini kuyaelezea madini mapya mimi peke yangu siwezi. Nilimhitaji Dokta. Nikamdanganya kwamba jiwe limeletwa na Mjerumani mmoja mkusanyaji, anayeomba maoni yake. Akalipokea, akainama kwenye hadubini. Baada ya muda akachukua sindano, akatenga fuwele moja na takataka zilizoizunguka, akaniambia niipime hiyo moja tu, safi. Nikampelekea majibu. Aliyasoma, akayalaza mezani, akanyoosha kidole, na safari hii hakwenda kunywa kahawa.

"Ignazio, ulipima mawili ukayaita moja," alisema. "Hili si jipya."

Nilisimama pale nikiiona kabiduiti inakufa mbele yangu. Yeye alivua miwani.

"Ukijani ni shaba tu. Chini yake ni ollastuiti." Akalirudisha jiwe chini ya hadubini. "Huyo Mjerumani wako alilitoa wapi?"

Nikamwambia hakuna Mjerumani. Nikamwambia lilitoka lundo la tatu, kwenye jiwe la Mzee Priamo, Jumapili ile aliyokuwa anamgombeza kwa maneno mengi. Nikamwambia na lile jina, na kwamba fomu ya kuomba ridhaa yake nilikuwa nimeshaijaza. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shati la kazi, sikujua tena kama anacheka au analia, na sidhani kama yeye alijua. Halafu akasema, "Ungenipa jina, ningebaki sina jiwe. Afadhali hivi, ndugu yangu."

Hivyo, kwa masikitiko makubwa, kamati inawatangazia kwamba hakuna madini yatakayopewa jina la Dkt. Assunta Cabiddu. Tuliyodhani tunayo ameyakataa mwenyewe, kwa ushahidi. Atakabidhiwa saa ya ukutani iliyotiwa sahihi na Mkurugenzi, nasi sote tutapiga makofi. Jiwe mama jipya la ollastuiti, lililothibitishwa na tume mwezi uliopita, linaonekana ghorofa ya kwanza, ndani ya kabati la chuma. Msomi wa kaskazini amearifiwa, amejibu kwamba anafurahi, na ameahidi kuja kulitazama. Hatujamwambia kuhusu tausi.

Dokta, kwa niaba ya wote uliowarudishia karatasi zao, asante. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na uzee usio na kamati. Ila Jumapili usilale. Baada ya misa tunakuja kukuchukua, kwa sababu Mzee Priamo anasema lile jiwe lilikuwa na nusu ya pili, na hakumbuki aliitupa upande gani.